Friji ya Ukutani na Dawa ya Baba

Kuna mlio mmoja ambao hata leo, nikiwa mtu mzima mwenye friji yangu mwenyewe, hunifanya niache ninachofanya. Si mlio wa friji inapowaka. Huo nimeuzoea na hulala nao vizuri tu. Ni ule wa inapojizima. Hutikisika kidogo kama mtu aliyepitiwa na baridi mabegani, chupa zilizo mlangoni zikagongana, kisha jikoni kunakuwa kimya. Ukimya huo ndio hunirudisha Meru, kwenye nyumba ya serikali tuliyoishi nilipokuwa msichana wa darasa la tatu.

Nyumba yenyewe ilijengwa na Mzungu fulani aliyekuwa na cheo, na uhuru ulipokuja akaondoka. Sisi tuliipata baadaye kwa sababu Baba alikuwa mpima ardhi wa serikali. Yule Mzungu alikwenda na viti vyake, mapazia yake na hata kengele ya mlangoni, lakini friji ilimshinda. Ilikuwa imejengewa ukutani, kati ya jikoni na stoo, ikazungushiwa mbao kama kabati, na juu yake kukawa na kidirisha cha wavu cha kutolea joto. Mlango ulikuwa mweupe, mzito, wenye mpini wa chuma uliohitaji mikono yangu miwili. Ndani, juu kabisa, palikuwa na kijumba cha barafu chenye kimlango chake chepesi. Ukiingia stoo na kuweka kiganja ukutani, ulisikia uvuguvugu.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na aliitunza friji ile kama alivyolitunza darasa, yaani kwa sheria. Chakula cha moto hakikuingia mpaka kipoe. Kitu kisichofunikwa hakikuingia kabisa. Mtu asiye na viatu hakuushika mpini, kwa sababu stima haina adabu. Ukifungua, uwe umeshajua unachotafuta. Hapakuwa na kusimama pale umeduwaa kana kwamba unasoma gazeti. Jumamosi aliizima, akaweka karai la maji moto chini ya kijumba cha barafu, akasubiri barafu ianguke yenyewe. Ole wako uichokoe kwa kisu. Kisha alifuta kuta za ndani kwa maji ya magadi, akapitisha kitambaa kwenye mpira wa mlango, mkunjo kwa mkunjo, na kuweka kipande kipya cha makaa kwenye kisahani ili kivute harufu. Kazi yangu ilikuwa kukausha rafu. Niliipenda kazi hiyo kwa sababu vidole viliingia ganzi, na nilipoviuma sikusikia kitu.

Lakini sheria zote hizo zilikuwa uzio tu. Kilicholindwa kilikuwa kimoja.

Baba alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu ujana wake. Si ule wa wazee unaotulizwa kwa kuacha chai tamu. Wake ulidai sindano kila asubuhi, na bila sindano hiyo hakuwa mtu wa kuumaliza mwezi. Alichemsha sindano ya kioo kwenye kisufuria kilichokuwa chake peke yake, akavuta dawa kutoka kichupa kidogo chenye kifuniko cha mpira, akajidunga pajani. "Nyuki wangu ameshaniuma," angesema. "Sasa leteni uji." Kichupa hicho kilikaa kwenye rafu ya juu ya mlango wa friji, ndani ya kikombe cha plastiki cha kijani. Mama alinionyesha kikombe hicho mara moja tu, bila kupaza sauti, na kwa kuwa hakupaza sauti nilisikia.

"Karimi," aliniambia, "hapo ndipo Baba anapoishi."

Nyumba nyingine za serikali katika laini yetu zilikuwa ndogo na hazikuwa na friji. Kwa hiyo yetu ilikuwa ya watu wote. Kwetu, mtu akikuletea maziwa umwekee, kumkatalia si kukataa maziwa, ni kumkataa yeye, mama yake na mbuzi wake. Waliletwa kuku waliochinjwa kwa ajili ya wageni wa kesho. Zililetwa soda za wazee waliokuja kuposa. Mama Zuhura, mke wa mwenye bucha ng'ambo ya barabara, Mwislamu wa mjini aliyezaliwa pale pale Meru, alikuja karibu kila jioni na nyama iliyobaki, imefungwa vizuri kwenye karatasi.

"Hodi, jirani! Niwekee haya maini. Kesho asubuhi Mungu akipenda nayachukua."

"Weka tu hapo chini, upande wa kushoto. Ile chupa ya mlangoni usiguse."

"Niguse dawa ya bwana wa mtu? Mimi nina wazimu?"

Walisemezana hivyo kila siku, kama salamu. Na kweli, hakuna jirani aliyewahi kuigusa dawa ile.

Likizo moja habari ilikuja kutoka Mitunguu, kwa kina Mama, kwamba dada yake mdogo amejifungua na hali yake si nzuri. Desturi ni kwamba mwanamke aliyejifungua hupikiwa uji na mtu wake wa damu, na Mama ndiye aliyekuwa amebaki. Alisitasita. Baba akamwambia aende, wiki moja si mwaka, na Cucu atakuja kukaa nasi. Cucu alikuwa mama yake Baba, mkulima wa Kanja, upande wa Embu. Kabla hajaondoka Mama alimtembeza Cucu jikoni na kumwonyesha kila kitu. Hodari wa sheria ni hodari wa kuzisema, alizisema zote. Dawa isitolewe kwenye friji ikakaa nje. Dawa isipigwe na jua. Dawa ipewe baridi. Cucu aliitikia kila moja kwa kichwa, mikono nyuma, kama mtoto wa shule asiyetaka kuchapwa.

Kusema kweli nilimpenda sana Cucu. Watu husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Cucu hakungoja kupewa. Jioni ile ile aliyofika alilitafuta mwenyewe, na kufikia asubuhi maua ya Mama ya mbele ya nyumba yalikuwa yamepisha maharagwe. Alizungumza Kiembu, sisi tulizungumza Kimeru cha Imenti, na nusu ya maneno ilifanana na nusu ilizua vita vidogo. Friji ilimshangaza. Alishika mlango, akahisi baridi. Alizunguka hadi stoo, akashika ukuta, akahisi joto. Akarudi jikoni na kutoa hukumu yake.

"Tumbo baridi, mgongo moto. Hii ina malaria."

Baba alicheka hadi akakaa chini. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu ndicho cha mwisho ninachokumbuka vizuri.

Jambo lililomsumbua Cucu halikuwa friji yenyewe bali watu. Aliwahesabu kwa macho walivyoingia na kutoka. Mama Zuhura na maini yake, mwalimu wa jirani na maziwa yake, binti wa polisi aliyeleta siagi na kusimama mbele ya mlango uliofunguka, macho yakitembea. Kila mmoja alipofungua, kitu cha kwanza kumtazama usoni kilikuwa kile kikombe cha kijani.

"Mwenye nyumba gani analala mlangoni?" aliniuliza siku ya pili, wageni walipoondoka.

Nilikuwa na miaka tisa na sikuwahi kufikiri kwamba friji ina mlango wa heshima na usio wa heshima.

Inabidi nieleze nyumba ya Cucu, kwa sababu ndiyo iliyomfundisha friji. Kule Kanja alikaa katika nyumba ya udongo yenye chumba kimoja cha ndani, nyuma ya kitanda chake, ambacho hata sisi wajukuu hatukuingia bila kuitwa. Humo aliweka asali, mbegu za kupanda, na chakula cha babu yangu alipokuwa hai. Karibu na mlango ziliwekwa jembe na kuni, vitu ambavyo hata mpita njia akivitupia jicho havipungukiwi kitu. Cha thamani kiliingia ndani, na cha thamani zaidi kikaingia ndani zaidi. Aliamini, kama wengi wa rika lake, kwamba jicho la mtu lina uzito, na kwamba kinachotazamwa na wengi huchoka.

Basi alifungua friji, akaitazama kama mtu anayekagua nyumba anayotaka kuhamia, akaona kile kimlango kidogo cha juu. Aliona ndani mna baridi kuliko pote. Mkwe wake alikuwa amesema dawa ipewe baridi. Akatoa kichupa kwenye kikombe cha kijani, akakifunga kwa kipande cha leso safi, akakilaza kwenye kijumba cha barafu na kufunga kimlango.

"Sasa amelala ndani," alisema.

Na kila alfajiri, kabla Baba hajaamka, nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na jiko, mkono mmoja umebana kwapani. Alikuwa akiipasha dawa moto. Ilitoka ngumu kama jiwe, naye aliikumbatia mpaka ikawa maji tena, huku midomo ikisogea. Alikuwa akimwomba Mungu, akimtaja Baba kwa jina lake la utotoni, lile ambalo sisi hatukuruhusiwa kumwita. Alipomaliza, alirudisha kichupa kwenye kikombe cha kijani, na Baba alipokuja na kisufuria chake alikikuta mahali pake. Sikuona jambo la ajabu. Nilidhani ndivyo dawa inavyotunzwa na mtu anayempenda mgonjwa zaidi.

Baba alianza kunywa maji. Alikunywa jagi zima asubuhi, akamaliza jingine kabla ya chakula cha mchana, akasema hajui kama ni kiangazi au ni utamu wa maji ya friji. Cucu alifurahi. Kila jagi lilipokwisha alilijaza na kulirudisha kwenye baridi, na kusema mwanawe sasa anatunzwa. Kisha Baba akaacha kwenda kazini, akisema miguu inamdai usingizi. Alikonda usoni. Aliendelea kujidunga kama kawaida, na hata siku moja nilimsikia akisema ameongeza kidogo kwa sababu nyuki amekuwa mvivu.

Siku ambayo Mama alitarajiwa kurudi, Cucu aliirudisha dawa mlangoni mapema, akatoa ile leso, akaifua na kuianika. Alijua sheria za mkwe wake na hakutaka mabishano. Mama aliingia jioni na mkungu wa ndizi kichwani, akautua chini, akaenda chumbani kwa Baba. Alitoka mara moja. Baadaye sana aliniambia kwamba alijua kwa pumzi ya Baba tu kuwa sukari imempanda. Ilinuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na mwanzoni alidhani ni ndizi zake mwenyewe.

Mume wa Mama Zuhura alitoa gari la bucha. Baba alilazwa hospitali. Mimi sikwenda. Nilibaki na Cucu, tukachambua maharagwe, na watu waliendelea kupiga hodi kuchukua vitu vyao kwenye friji. Siku ya tatu Mama alirudi asubuhi akiwa na viatu vya Baba mkononi, na kabla hajasema neno Cucu alishapiga ukemi wa msiba.

Mimi sikulia. Nilingoja kilio kama mtu anavyongoja kupiga chafya, hakikuja. Niliona watu wakiingia, nikaona wakihamisha viti, nikaambiwa nikalale kwa kina Zuhura nikaenda, nikapewa chapati nikala. Mtu angenichoma kwa sindano siku zile nadhani ningemuuliza tu anataka nini. Wakubwa walisema, "Huyu mtoto hana shida, hajaelewa." Nilikuwa nimeelewa. Nilichokosa ni mahali pa kuusikia uchungu.

Tulimzika Kanja. Ilikuwa ni wakati wa kahawa kuiva na watu walikuja moja kwa moja kutoka mashambani. Baada ya sala Cucu alisimama, akashika fimbo yake kwa mikono miwili, akasema mbele ya wote, kwa sauti ya mtu asiyetaka kubishiwa.

"Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwanangu alikuwa na mke. Mke huyo alimwacha mgonjwa, akaenda kulea mtoto wa mwenzake. Na pale nyumbani mlango wa dawa yake ulikuwa njia ya kila mtu. Mimi nimesema, sisemi tena."

Hakuwa mkweli kwa hilo la mwisho. Alisema tena kwa miaka mingi. Wanawake waliinamisha vichwa. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshika mkono wangu, na mkono wake haukukaza wala kulegea. Hakujibu. Nadhani siku ile hakujibu kwa sababu aliamini ni kweli.

Nyumba ya serikali ni ya kazi, na kazi ilikuwa imekwisha. Tulirudi Meru kufunga vitu vyetu. Mama alikuwa ameomba kuhamishiwa shule ya karibu na Mitunguu. Vitanda vilitoka, meza ikatoka, kabati la vyombo likatoka, na siku ya mwisho tukabaki sisi wawili na friji, kama yule Mzungu alivyobaki nayo siku yake ya kuondoka. Mama alisema hatuwezi kuwaachia wengine uchafu. Akaizima. Ikatikisika, chupa tupu zikagongana, kukawa kimya. Akaweka karai la maji moto.

Nilikuwa nikikausha kimlango cha kijumba cha barafu nilipoona kwamba hakuna anayezungumza, na kwa kuwa ukimya ulinitisha, nikasema jambo la kwanza lililonijia.

"Hapa ndipo Cucu alikuwa analaza dawa ya Baba."

Mama alikuwa akifuta ule mpira wa mlango. Kitambaa kilisimama.

"Wapi?"

"Hapa ndani. Ili watu wasiione."

"Siku moja?"

"Kila siku, mpaka ukarudi. Asubuhi ilikuwa imeganda kama jiwe, basi anaiweka kwapani mpaka inayeyuka. Halafu anairudisha kwa kikombe."

Mama alikaa chini. Alikaa sakafuni, penye maji ya barafu, na gauni lake jeusi la msiba likaanza kulowa kuanzia pindo. Nilidhani ameteleza. Nilimpa mkono, hakuuona.

"Daktari aliniuliza," alisema, lakini si kwangu. "Aliniuliza kama imewahi kuingia kwa barafu. Nikamwambia haiwezi. Nikamwambia mimi ndiye natunza hiyo friji."

Kisha akaniuliza swali ambalo kwa miaka mingi nililiona la ajabu. Aliniuliza Cucu alikuwa akisema nini alipoipasha dawa moto. Nilimwambia alikuwa akimwombea Baba. Nikamwambia na jina alilotumia.

Mama aliinamisha kichwa. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye karai, tone kwa tone. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa ule ule wa kila siku, uso wa mwalimu anayeingia darasani.

"Karimi, hilo uliloniambia usimwambie mtu. Hata shangazi zako. Na Cucu, usije ukamwambia kabisa."

"Kwa sababu alivunja sheria yako?"

"Ndiyo," alisema. "Kwa sababu hiyo."

Akamaliza kufuta mpira, mkunjo kwa mkunjo, utafikiri kesho tungeweka maziwa humo. Akaweka kipande cha ubao kuzuia mlango usijifunge, kwa maana friji iliyozimwa ikifungwa huota ukungu. Tukatoka.

Nilitunza siri hiyo bila taabu kwa sababu sikujua ni siri ya nini. Nilijua tu kwamba kati ya Mama na Cucu hali si njema na kwamba habari ya barafu ingeongeza ugomvi. Kila Krismasi Mama alitufungia safari ya kwenda Kanja. Alipeleka ndizi, sukari, blanketi mwaka wa baridi kali. Cucu alipokea vitu, akampa Mama chai, na kila kikombe alikitia neno.

"Kunywa. Wewe umezoea kufunga safari."

"Ahsante, Mama. Chai ni tamu."

"Wengine wana mkono mwepesi kwa watoto wa wenzao."

"Ni kweli, Mama."

Nilipofika umri wa kuona haya, nilimwonea Mama haya. Nilimwona kama kitambaa cha kufutia meza. Mwanamke aliyeweza kunyamazisha watoto hamsini kwa kuinua kidole alikaa pale akinywa matusi pamoja na chai. Nilimwambia hivyo siku moja tukiwa njiani kurudi, nami nikiwa na miaka kumi na sita na ulimi wa kutosha. Alinijibu kwamba Cucu ni mzee na barabara ni ndefu, nifunge sweta.

Baadaye nilikwenda kusomea uuguzi. Asubuhi moja mwalimu wetu alitufundisha habari za dawa zinazohitaji friji, akainua kichupa kidogo chenye kifuniko cha mpira. Akasema hii inataka baridi lakini haitaki barafu. Ikiganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama maji ya kunywa, nguvu yake haipo tena. Anayejidunga nayo anajidunga maji. Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama kalamu yangu. Sikupata kizunguzungu, sikutoka nje. Saa ya chakula ilipofika nilikula githeri yote na kuomba nyongeza, na jambo hilo bado linanishangaza.

Usiku sikuota kitu. Lakini tangu siku ile nilijua ninachokijua, na nilijua kwamba Mama alikijua tangu alipokaa kwenye maji yale. Ndipo hasira ikaja, kwa mara ya kwanza katika habari hii yote. Haikuwa ya kumdhuru Cucu. Nilitaka tu, angalau mara moja, mtu aseme mahali pa wazi kwamba si Mama.

Nafasi ilikuja mwaka niliomaliza mafunzo. Cucu aliugua ugonjwa wa uzee, ule ambao hauna dawa ya kuweka popote, na akatuma Mama aitwe. Alimwita yeye, si binti zake. Tulimkuta amelazwa karibu na moto, amekuwa mdogo kama mtoto aliyefunikwa nguo za wakubwa. Mimi nilibaki karibu na jiko nikikoroga uji. Mama alipiga magoti kando ya kitanda.

"Mama Karimi," Cucu alisema, "nina neno nimelibeba na sitaki kuvuka nalo. Nilikuchukia. Ulimwacha mwanangu. Sema basi kwamba ulimwacha, nami nitakusamehe, niende nikiwa mwepesi."

Niliweka mwiko chini. Nilikuwa muuguzi, nilikuwa na maneno yote, hata ya Kiembu.

"Cucu," nilisema.

Mama hakugeuka. "Karimi, uji utaungua."

Niliuokota mwiko. Sijawahi kusikia sauti ile kwake, si kabla wala baadaye. Haikuwa amri. Alikuwa ananiomba.

"Nilimwacha, Mama," akasema. "Nisamehe."

Cucu alitafuta mikono yake juu ya blanketi, akaifungua viganja vikatazama juu, akavitemea mate kidogo, moja moja, kama wazee wanavyobariki. Midomo ilikuwa mikavu na ilimchukua muda. Mama alingoja.

"Mimi nilimtunza vizuri zile siku," Cucu alisema. Alikuwa amefumba macho, na sijui kama lilikuwa swali.

"Ulimtunza vizuri," Mama alimwambia. "Hata mimi singemtunza hivyo."

Cucu alifariki wiki hiyo hiyo. Nimeuguza wengi tangu wakati huo na nimeona wachache walioondoka wametulia kama yeye. Mimi nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba mama yangu alinyamaza kwa kukosa jibu. Kumbe jibu alikuwa nalo, na lingemnyamazisha yule bibi siku moja tu. Kila Krismasi aliingia nalo katika nyumba ile, akakaa nalo karibu na moto, akanywa chai, akatoka nalo kama alivyoingia.